Dakika 44 za mwezi

Juzi usiku nilitoka nje nikakuta mwezi umepanda, mkubwa, lakini haujajaa. Ukingo wake mmoja ulikuwa umefifia, kama umebakiza siku moja au mbili hivi. Niliporudi ndani nikafungua tovuti yangu, kwenye kile kiprogramu cha kuonyesha umri wa mwezi. Kikaniambia leo ni mwezi mpevu.

Iliniuma. Kiprogramu hicho nilikiandika miaka minne iliyopita, wikendi moja, kwa raha tu, na nakipenda kuliko vyote nilivyoweka pale. Siku nilipokimaliza kilikuwa sahihi kabisa. Nilikilinganisha na mwezi wenyewe usiku tatu mfululizo.

Nikafungua msimbo nikijiandaa kukesha. Kumbe jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa pembeni, ule ninaotupia mawazo yoyote yanayonijia. Chini ya tarehe ya wikendi ile nilikuwa nimeandika: “Nimeweka 29.5 kwa sasa, namba rahisi. Sijui itanifikisha wapi.”

Imenifikisha hapa. Kwa wastani, kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Mimi nilizikata zile dakika 44. Kwa mwezi mmoja hakuna jicho litakaloona tofauti. Kwa mwaka zinakuwa kama saa tisa, na kwa miaka minne ni siku moja na nusu, ndiyo maana kiprogramu kilikuwa kinautangulia mwezi wa angani. Nimeweka siku 29.530588, na sasa vinakwenda pamoja. Kuna usiku vitapishana kwa saa kadhaa, maana mwendo wa mwezi haulingani kila mara, lakini hilo halinisumbui.

Rafiki yangu aliwahi kunishauri nitenganishe mambo: programu zikae mahali pake, porojo mahali pake, ili mgeni akiingia aone kazi safi. Nililifikiria sana wazo lake, na leo nina hakika silitaki. Msimbo unaeleza kompyuta ifanye nini. Hauelezi kwamba siku ile nilikuwa nimechoka, nikachagua namba rahisi huku nikijua kuna deni. Ule mstari mmoja wa ovyo ndio ulioniokoa.

Tovuti yenyewe ni folda moja ya faili za HTML, yaani maandishi yenye alama za kupanga ukurasa, ninazoziandika kwa mkono. Sina hifadhidata, wala sihesabu wageni. Nililipia jina la kikoa ili anwani iwe yangu hata nikihama seva, na nakala ya folda nzima iko kwenye diski ya nje. Kurasa za mwanzo za Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, bado zinafunguka kwenye kivinjari cha leo kwa sababu ni maandishi na viungo tu. Nami nataka zangu zidumu hivyo. Niliwahi kuwa na mchezo mdogo wa kupanga herufi, ukitegemea maktaba ya msimbo iliyokuwa kwenye seva ya watu wengine. Seva ikazimwa, mchezo ukabaki ukurasa mweupe. Tangu hapo kila kinachohitajika nakiweka kwangu.

Ule mstari wa 29.5 sikuufuta. Nimeandika chini yake tarehe ya leo, namba mpya na hesabu ya zile dakika, hatua kwa hatua, pamoja na jinsi mwezi ulivyoonekana usiku ule. Kisha nikapitia maandishi mengine ya mwaka ule ule, nikakuta “kwa sasa” nyingine mbili. Moja inahusu saa ya jua. Hiyo nitaishika kesho, kukiwa na mwanga.