Ngege ndani ya maji ya Gazi

Aliyeongoza orodha alikuwa ngege. Ilikuwa saa nne usiku, mvua inapiga mabati ya jengo la jirani, nami niko peke yangu maabarani hapa Nairobi nikisubiri kompyuta imalize kulinganisha DNA niliyoitoa kwenye maji ya hori la Gazi, ghuba ndogo kule Kwale. Nilitarajia tafi, changu, chaa na mkizi, na wote walikuwemo. Lakini juu yao, kwa mbali sana, alikaa samaki wa maji baridi, huyu huyu anayekaangwa kila mtaa kuanzia Gikomba hadi Kawangware na kuliwa kwa ugali na sukuma wiki.

Kazi yenyewe ni hii. Samaki apitapo majini huacha alama: ute, magamba, kinyesi, vipande vya ngozi visivyoonekana kwa macho. Ndani yake mna DNA, na DNA hiyo huelea kwa saa kadhaa au siku chache kabla ya jua, joto na bakteria kuimaliza. Ukiwahi kuyachota maji, ukayachuja, kisha ukaisoma DNA iliyonasa, utajua ni nani waliopita hapo bila kutega wavu. Mwaka 2008 watafiti nchini Ufaransa walimgundua kwa njia hii chura mgeni kutoka Marekani aliyekuwa amejificha kwenye madimbwi. Mwaka 2012 wenzao wa Denmark wakachota nusu lita ya maji ya bahari mara tatu, wakapata spishi 15 za samaki. Lakini walionivuta mimi ni Wajapani. Mwaka 2015 walichota maji kwenye matangi ya Okinawa Churaumi, jumba la kuonyeshea samaki, ambako kila samaki anajulikana na ameandikwa. Kati ya spishi 180 ambazo DNA yake ilikuwa kwenye hifadhidata yao, maji yalizitaja 168. Niliisoma habari hiyo nikiwa kwenye matatu ya South B, nikapitiliza kituo changu.

Mimi ni mtoto wa Msambweni, na baba yangu mdogo ni mvuvi wa Gazi. Hori lile limezungukwa na mikoko ambayo wanakijiji wenyewe wanaitunza. Mradi wao wa Mikoko Pamoja ulianza 2013 kwenye hekta 117, na fedha za kaboni, wanazolipwa kwa kuwa mikoko huhifadhi hewa ya ukaa, zimewaletea maji na madarasa. Nilitaka kujua ni samaki gani wanaoitumia mikoko hiyo na ni gani wanaoishia kwenye nyasi za bahari au mwambani. Vibali vilichukua miezi. Sitavisimulia, ila anayetaka kuanza avianze mapema kuliko anavyodhani.

Siku ya kuchota maji, baba mdogo alinitazama nikipanga chupa kwenye mtumbwi wake.

"Mwanangu, wavu huna, mshipi huna. Unawavua kwa chupa?"

"Ndiyo, baba. Nachukua maji tu."

"Basi yachukue yakiwa yanatoka. Yakiwa yanaingia, utachota ya huko nje ukasema ni ya hapa."

Nilikuwa nimepanga kuchota wakati maji yamejaa, kwa kuwa mtumbwi hupita kwa urahisi. Kwa maneno yale nilibadilisha ratiba yote. Tulisubiri bamvua, maji yakaanza kupwa kwa nguvu, tukachota sehemu tatu: ndani kabisa kwenye mikandaa (aina ya mikoko), katikati penye nyasi za bahari, na nje karibu na mwamba.

Kuchuja nilidhani ni jambo dogo. Maji ya nje yalipita lita nzima bila shida. Ya ndani ya mikoko ni mazito kwa tope na majani yaliyooza. Nilipofika mililita 400 pampu ya mkono ikagoma, na kichujio, ambacho kilikuwa cheupe kama karatasi ya sigara, kikawa rangi ya chai ya maziwa. Nilikaa chini ya mwembe nikipampu hadi kiganja kikatoka lengelenge. Mwishowe nikaamua kuyagawa: vichujio vitatu kwa kila chupa, kila kimoja nikikitoa kabla hakijaziba. Halafu kila kichujio nilikikata vipande viwili kwa mkasi uliosafishwa. Nusu moja ya kufanyia kazi, nusu nyingine ya akiba. Mwalimu wangu wa shahada ya kwanza alikuwa na neno lake: mbegu hazipandwi zote siku moja. Nusu zile za akiba ndizo zilizoniokoa.

Vichujio nilivitia kwenye bafa, kimiminika cha kuhifadhia DNA, badala ya ethanoli, kwa sababu nilikuwa narudi kwa treni na sikutaka kuingia stesheni na kitu kinachoshika moto. Pale Miritini abiria hupanga mizigo yao chini kwa mstari, mbwa wapite wakinusa. Mbwa mmoja alisimama kwenye kibaridi changu muda ambao niliuona mrefu mno, kisha akaenda zake. Jioni nilikuwa Syokimau, na usiku huo huo vichujio vilikuwa kwenye friza.

Sasa nirudi kwa ngege.

DNA inayopatikana kwenye maji ni kidogo sana, hivyo lazima izidishwe kwa mashine ya PCR. Kila mzunguko wa joto huifanya iwe mara mbili. Kwa mizunguko 35, molekuli moja yaweza, kwa hesabu, kuzaa zaidi ya bilioni 34. Hiyo ndiyo nguvu ya mashine na ndiyo hatari yake, maana haichagui. Chembe ya samaki wa Gazi na chembe iliyodondoka kutoka kwenye mkono wa mtu zinazidishwa sawasawa. Mimi nilitumia praima za wale Wajapani, vipande vidogo vya kuianzishia PCR kazi, zinazoshika kipande kifupi cha DNA ya samaki, herufi kama 170 hivi. Kisha nikakisoma kwa MinION, kifaa kinachotosha kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta kama simu. Ndani yake mna utando wenye vitundu vidogo mno vinavyopitisha umeme, na uzi wa DNA ukipita kitunduni, kila mpangilio wa herufi unabadilisha mkondo wa umeme kwa namna yake. Kompyuta husoma mabadiliko hayo.

Na mimi nilikaribia kumtetea yule ngege. Wapo jamaa zake wanaovumilia maji ya chumvi, na kipande kifupi kama kile hakiwatenganishi vizuri ndugu wa karibu. Ningeweza kuandika kwamba ni huyo wa maji ya chumvi, au kwamba ni makombo ya jikoni yaliyomwagwa horini. Ningeweza pia kufanya lililo rahisi zaidi: kumfuta kwenye orodha na kuendelea, kwa kuwa kila mtu anajua si wa bahari.

Kilichonizuia ni wazo moja, lililonijia nikiwa njiani kwenda nyumbani. Ikiwa DNA ya ngege imepata mlango wa kuingia, basi hata DNA ya kichujio kimoja ingeweza kupitia mlango ule ule hadi kichujio kingine. Ngege namwona kwa sababu ni mgeni. Je, changu wa mwambani aliyehamia kwenye sampuli ya mikokoni ningemwona vipi? Angekaa pale kwenye orodha yangu, ametulia, nami ningeandika kwamba anaishi mikokoni.

Kwa bahati nilikuwa nimefanya sampuli tupu, zisizotakiwa kuwa na samaki yeyote, zile ambazo wengi huziruka ili kuokoa gharama. Ya kwanza ilikuwa chupa ya maji safi niliyoibeba kutoka Nairobi hadi Gazi, nikaifungua mtumbwini na kuichuja kama nyingine. Ya pili nilitoa DNA kwa hatua zote bila kuweka kichujio chochote. Ya tatu niliweka maji matupu ndani ya PCR. Kesho yake asubuhi nilizifungua takwimu zake kabla hata ya kuvua koti. Ya kwanza: ngege. Ya pili: ngege. Ya tatu: hakuna kitu. Na kwenye ile ya kwanza, chini kabisa, mlikuwa na mistari michache ya pono, samaki wa mwambani: DNA ilikuwa kweli imehama kutoka kichujio kimoja hadi kingine.

Maana yake ilikuwa wazi. PCR ilikuwa safi. Gazi haikuwa na kosa la ngege, kwa kuwa hata sampuli ambayo haikuwahi kuiona Gazi ilikuwa naye. Uchafu uliingia pale nilipokuwa natoa DNA, kwenye meza ile na vifaa vile. Nikauliza nani mwingine anaitumia meza. Mwenzangu mmoja, mtu makini sana, alikuwa akichunguza ngege wa mabwawa ya kufugia, na kwa miezi kadhaa alikuwa akisaga minofu yake hapo hapo na kutumia pipeti (za kunyonyea matone) na sentrifuji (mashine ya kuzungushia chupa) hizo hizo. Mnofu wa samaki una DNA nyingi kupita kiasi ukiulinganisha na lita ya maji ya bahari. Kwa kazi yake, uchafu kidogo haukuwa na madhara. Kwa yangu, mvuke mdogo ndani ya shingo ya pipeti ulitosha kuharibu kila kitu. Hakuwa na kosa. Maabara haikuwa imepangwa kwa kazi ya namna yangu.

Niliomba stoo. Kilikuwa chumba kidogo mwishoni mwa ujia, kimejaa makasha ya zamani na baiskeli isiyo na gurudumu. Tulikitoa kila kitu, mimi na mwenzangu huyo huyo wa ngege, tukakisugua kwa Jik iliyochanganywa na maji, moja kwa tisa, kuta kwa sakafu, tukaiacha dakika kumi kabla ya kufuta. Dawa hiyo ya kufulia huikatakata DNA, na spiriti haifanyi hivyo. Jambo hili nalisema kwa kila mwanafunzi ninayekutana naye, kwa sababu nami nilikuwa nafuta meza kwa spiriti nikidhani nimesafisha. Nilinunua pipeti mbili mpya ambazo hazikuwahi kugusa mnofu, na ncha zenye kichujio ndani. Nikaweka taa ya urujuanimno ya kuwashwa usiku.

Kilicho kigumu zaidi kilikuwa mwendo wetu sisi watu. Niliweka sheria kwamba anayeingia chumba cha PCR asirudi stoo siku hiyo, hata kama amesahau kalamu. Koti la stoo halitoki stoo. Na mwenye kula samaki mchana afanye kazi ya kompyuta mchana huo. Wiki ya kwanza mimi mwenyewe nilirudishwa mlangoni mara mbili.

Nikatoa zile nusu za akiba kwenye friza, nikaanza upya na sampuli tupu sita badala ya tatu. Wiki mbili baadaye zote sita zilikuwa tupu. Nilizitazama mara nyingi zaidi kuliko zenye samaki.

Ngege alikuwa ametoweka. Lakini la maana zaidi lilikuwa la pono. Mara ya kwanza alikuwa ameonekana sehemu zote tatu, hata ndani kabisa kwenye mikandaa. Sasa alikuwepo nje mwambani na kidogo kwenye nyasi za bahari, basi. Nilimpigia baba mdogo simu, nikamsomea orodha sehemu baada ya sehemu kwa majina yetu. Alikuwa anaitikia tu, ehe, ehe. Nilipomwambia kwamba mwanzoni nilidhani pono wako mikokoni, alinyamaza kidogo.

"Huko ndani? Ungeniuliza ningekwambia."

Hayo ni kweli, na sasa huuliza kwanza. Maji yananiambia nani alipita. Hayaniambii alikuwa mkubwa kiasi gani, wala kama wamepungua tangu mwaka juzi, na yeye anajua yote mawili.

Palibaki kitu kimoja. Katika sampuli ya mikokoni mlikuwa na mfuatano wa herufi za DNA uliojirudia sana lakini haukuwa na mwenyewe kwenye hifadhidata. Aliyeukaribia ni wa jamii ya chaa, kwa asilimia 94, na hiyo haitoshi kumpa mtu jina. Samaki wengi wa pwani yetu hawajawahi kusomwa kipande hiki cha DNA, kwa hiyo wakipita majini wanapita kama wasiojulikana. Nilimweleza baba mdogo. Akasema chaa si mmoja, wako wa namna namna, na yupo mmoja anayependa matope ya huko ndani.

Ijumaa iliyofuata nilipokea Syokimau kibaridi kilichofungwa kwa kamba ya nailoni, ndani yake barafu na chaa watatu, kila mmoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa alikovuliwa. Niliwapeleka kwenye meza ya zamani, si stoo, nikakata kipande cha pezi cha kila mmoja, kidogo kama ukucha wa mtoto. Jumatatu jioni matokeo yalitoka. Wa kwanza hapana, wa pili hapana. Wa tatu, aliyeandikwa "mikandaani, maji yakitoka", alilingana herufi kwa herufi, mwanzo hadi mwisho.