Kusafisha madirisha kwa maji yasiyo na madini Malindi: nunua mita kabla ya fimbo

Anayetaka kuanza kazi hii huuliza kwanza bei ya fimbo ndefu ya brashi inayotoa maji. Fimbo ingoje. Cha kwanza ni mita ya TDS, ile ndogo mfano wa kalamu, na chupa tatu safi: moja ya maji ya mfereji, moja ya kisima, moja ya mvua. Namba tatu utakazosoma ndizo zitakazokuambia ununue nini.

Mita husoma ppm, yaani miligramu za madini na chumvi zilizoyeyuka katika lita moja. Kioo kikauke chenyewe bila alama, maji yawe kati ya 0 na 10. Ukivuka hapo sana, madoa meupe huanza kuonekana, hasa kwenye vioo vya tinti na jua la pembeni. Maji ya mfereji ya Malindi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na hayakaribii namba hiyo. Visima ndiyo shida zaidi: mji umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, chokaa imo majini, na kadiri unavyosogea ufuoni ndivyo chumvi ya bahari inavyopenya. Pima kila kisima peke yake, na ukirudie kiangazi, kwa sababu namba ya masika haidumu.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo pesa hupotea. Rezini mchanganyiko, zile punje za kuondoa madini, lita 1 humeza takriban gramu 25 za chumvi kisha imekwisha. Kisima kikisoma 800, lita 1 ya rezini inakupa maji lita 31 hivi. Mtungi wa rezini lita 10 unatoa kama lita 310, na nyumba ya ghorofa moja yenye madirisha 25 hula lita 150 hadi 200 kwa usafi wa kwanza. Nyumba mbili hufika kwa shida, kisha unanunua rezini upya. Anayekwambia uanze na mtungi wa rezini peke yake hakuwaza maji ya kisima cha Pwani.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni mvua. Maji ya bati yaliyokingwa vizuri yakisoma 20, lita hiyo hiyo 1 ya rezini inatoa lita 1,250. Bati la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 10 ni lita 500; toa zinazomwagika, utabaki na 400 hivi. Lita 50 za mwanzo zimwage, zina vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyoletwa na upepo. Usikinge kwenye makuti, maji hutoka rangi ya chai. Wala usiyaweke kwenye tangi la saruji au jabia la chokaa: yataivuta chokaa na namba itapanda yakiwa yametulia tu. Tangi jeusi la plastiki la lita 1,000 latosha kuanzia, na mwani hauoti gizani. Ukifanya kazi hotelini, pima pia maji yanayodondoka kwenye AC. Kwa unyevu wa hapa ni mengi, na mara nyingi husoma chini.

Kiangazi mvua haipo, ndipo inapohitajika mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia membreni, utando mwembamba unaozuia chumvi. Membreni nzima huzuia kama asilimia 95 ya chumvi: 800 inashuka hadi 40, na rezini inamalizia. Lita 1 ya rezini sasa inakupa lita 625. Mashine ndogo ya galoni 400 kwa siku hutoa lita 60 hivi kwa saa ikipata presha ya kutosha, karibu bari 4. Tangi la juu ya nyumba, mita 5 kutoka chini, linatoa nusu bari tu, kwa hiyo bila pampu ya kuongeza presha utapata matone. Mbele ya membreni weka kichujio cha kunasa mchanga cha maikroni 5 na cha mkaa. Klorini ya mfereji huiua membreni polepole na hutajua hadi namba ipande. Maji ya kutupwa ni mengi, mara nyingi zaidi ya yale unayopata, basi yakinge ya kumwagia choo. Maua yasipewe, chumvi imezidi humo.

Kusukuma maji, usinunue mfumo mkubwa wa kufungwa ndani ya gari. Pampu ya mgongoni ya betri, ile ya kunyunyizia dawa shambani, lita 16 hadi 20, inatosha. Iwe mpya kabisa, kwani iliyowahi kubeba dawa haioshwi ikaisha. Toa fimbo yake ya kunyunyizia, unganisha mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6, urefu wa mita 20 hadi 30. Brashi inataka lita 1 hadi 2 kwa dakika, kwa hiyo tangi la mgongoni huisha kwa dakika 8 hadi 20. Beba mitungi ya lita 20, tuktuk inaimudu kumi. Klipu za kubana mpira ziwe za stenilesi. Za kawaida hapa zinashika kutu upesi.

Fimbo ya faibaglasi ya mita 5 au 6 inafika ghorofa ya kwanza. Ni nzito kuliko ya kaboni lakini bei yake ni ya binadamu. Ya aluminiamu iache, na hata ya faibaglasi ikiwa na maji usiipeleke karibu na nyaya za umeme. Brashi ya nailoni ya sentimita 30 yenye matundu mawili ya milimita 2 yatosha.

Kwenye kazi, nyumba za ufuoni suuza mchanga na chumvi kabla brashi haijagusa kioo, la sivyo unakwaruza. Fremu ya juu ianze, sugua hadi maji yanayoshuka yawe safi, kisha kioo, kisha suuza kutoka juu brashi ikiwa imeinuliwa. Madoa yakirudi na mita inasoma 0, tazama fremu: mabaki ya uchafu wa pembeni yanadondoka kwa nusu saa. Rezini ikianza kunuka kama samaki, ujue imekwisha, usisubiri mita. Isikauke wala isiachwe ndani ya gari juani. Na RO ikiwashwa, dakika chache za mwanzo maji husoma juu, yamwage.

Madoa meupe ya miaka ya maji ya bustani hayatoki kwa njia hii, yanataka siki na mkono, na bei yake iandikwe kando. Madirisha ya luva usiyapige brashi ya maji kabisa: vipande havizibi, na maji yote yataishia kitandani kwa mwenye nyumba. Hayo yafute kwa kitambaa na kifutio cha mpira, kipande kwa kipande, na utoze kwa kipande.