Tasnifu kabatini, wenyewe kijijini

Hivi mzee aliyekaa mkekani akamsimulia mtafiti habari za ukoo wake tangu asubuhi mpaka jua linazama, yeye anarudishiwa nini? Hapa kwetu Uganda mara nyingi ni sukari na mche wa sabuni, basi. Tasnifu inaandikwa, inajalidiwa vizuri na herufi za dhahabu mgongoni, inaingia maktaba, na mzee anakufa hajui kama alichoandikwa ni kweli au porojo.

Mtu wa kemia asiporudi kwa watu na matokeo yake nitamwelewa kidogo. Lakini wewe umetafiti nyimbo za mazishi, au ngoma, au historia ya mji, mali yenyewe ni ya hao hao watu, halafu matokeo unayatoa hotelini Kampala kwa pawapointi na Kiingereza kizito mbele ya watu ambao wanajua tayari, na chai ya saa nne juu yake!

Na si kwamba hatujawahi kufanya vingine. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Makerere walikuwa na kikundi cha maigizo, Makerere Free Travelling Theatre, mwalimu wa idara ya Kiingereza David Cook na wanafunzi wake, walipakia vitu kwenye gari wakazunguka kucheza michezo ya kuigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za huku, Kiswahili kikiwemo, na watu waliingia bure. Miaka ya sitini hiyo, barabara nazo mnazijua zilivyo hata leo.

Chukua muziki. Klaus Wachsmann, aliyekuwa akiongoza Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki wa sehemu nyingi za nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa ile ya 1950. Rekodi zikaishia London, British Library, na ilichukua miongo mpaka nakala zikarudi Makerere, kazi aliyoisimamia Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza. Safi sana. Ila Makerere bado ni chuo, kuna geti na askari, bibi wa Busoga hafiki pale.

Kuna jamaa yangu anasomea muziki, yeye alibeba spika ndogo ya blututhi na rekodi fulani za zamani akaenda nazo kijijini, akakaa chini ya mwembe akabonyeza. Dakika mbili tu kina mama wakaanza kubishana, mmoja anasema huu wimbo ni wa harusi, mwingine anasema wewe ulikuwa hujazaliwa, huu ni wa mapacha, akausimamisha akaimba beti ambazo kwenye rekodi hazimo, na jamaa kalamu haigusi karatasi, anashangaa tu. Maelezo ya kwenye faili yalikuwa yameandikwa neno moja: harusi.

Ndiyo maana napenda wale mavijei, watafsiri wa filamu kwenye vibanda vya video. Filamu ni ya Hong Kong, yeye anaitafsiri kwa Kiluganda papo hapo, anaeleza, anatania, mhusika anapewa jina la mtaani, na watu wanamjibu kwa kelele. Mtafiti angekaa kibandani siku moja angejifunza kuliko kwenye semina ya mawasiliano.

Sasa kuna na upande mgumu. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yaliweka maonyesho ya picha za enzi za Idi Amin, zilizotoka kwenye negativu kama 70,000 zilizokutwa kwa shirika la utangazaji UBC. Walizipiga wapigapicha wa serikali, kwa hiyo unaona mikutano, sherehe, viongozi wanapeana mikono, mateso huyaoni, nani angetumwa kupiga picha ya hayo? Sasa aliyepotelewa na baba anasimama mbele ya picha kama hiyo na wewe msomi huwezi kumwachia kibandiko cha maelezo ukutani ukaondoka, lazima uwepo, usikilize, hata akikufokea.

Shida ni kwamba cheo chuoni kinapandishwa na makala za majarida, saa nzima redioni ukijibu simu za wasikilizaji haikuongezei kitu. Basi angalau kwenye bajeti ya utafiti wako weka mafuta ya gari ya kurudi kule, spika, mikeka na soda. Mfadhili akiuliza hizo soda ni za nini, mwambie ni za wahakiki.