Nusu kiwanja cha basketi nyuma ya nyumba, kazi yote iko chini

Binti yangu ana miaka 14 na anapenda basketi kuliko kitu chochote, na sisi tunakaa Goba, kwa hiyo kila jumamosi ilikuwa ni daladala mbili mpaka Upanga kwenye viwanja vya Don Bosco na kurudi giza lishaingia. Mama yake alikuwa hatulii mpaka asikie geti. Mwaka jana tukakaa tukasema hela ya uzio wa mbele isubiri, nyuma ya nyumba kuna eneo limekaa tu na migomba miwili, tumjengee nusu kiwanja. Watu wengi wamenitumia meseji wakiuliza ilikuwaje ndo maana naandika, hasa yale ambayo mi mwenyewe hakuna aliyeniambia mapema.

Vipimo kwanza. Kiwanja kamili cha FIBA, lile shirikisho la basketi la dunia, ni mita 28 kwa 15, hicho kwenye viwanja vyetu vya makazi sahau. Hata cha 3x3, ule mchezo wa watatu kwa watatu wa ringi moja ulioingia Olimpiki za Tokyo mwaka 2021, kinataka 15 kwa 11. Sisi tulipata upana mita 10 na urefu mita 9. Nilihofia mstari wa pointi tatu hautaingia ila ukipiga hesabu unaingia, maana ni mita 6.75 kutoka katikati ya ringi, na katikati ya ringi ni mita 1.575 kutoka mstari wa nyuma, jumla 8.325, mbele ya mstari unabaki na kama sentimita (senti) 67. Pembeni ndo tao la mstari huo linakatwa, pointi tatu za kona hakuna. Nikamwonyesha binti mchoro akasema, "Baba, kona ntafanyia Upanga, we niachie tu hapo juu." Basi yakaisha.

Kuna waliotushauri tuweke nyasi bandia kwa sababu zinapendeza. Kwa mpira wa miguu sawa, ila basketi mpira haudundi vizuri pale, afu jua la Dar la saa saba zile nyasi zinawaka moto mtoto hawezi kukanyaga peku. Tukachagua vigae vya plastiki vile vya kushikana, kila kimoja senti 30 kwa 30, vina matundu maji yanapita chini. Kwa eneo letu ni vigae kama 1,000. Kuvipanga ni siku moja tu, mimi, binti na kaka yake, unabonyeza kinaita ta, unaendelea. Kwa hiyo mtu akikuuzia vigae akakwambia kiwanja ni kazi ya siku moja hajadanganya, ila hajakwambia habari ya zege.

Maana kigae hakifichi kitu. Zege likiwa na bonde, kigae kinakaa juu ya bonde, ukikanyaga kinabonyea na mpira ukidunda pale unakufa. Fundi wetu wa kwanza alishindilia vizuri, mawe, moramu, nailoni, wavu wa chuma wa BRC, akamwaga jamvi la senti 10, zege kuubwa mita za ujazo 9, mifuko ya saruji karibu 60. Nililipima kwa pima maji mwenyewe nikaona liko sawa kabisa nikafurahi. Na hapo ndo lilipo kosa, kiwanja cha nje HAKITAKIWI kuwa sawa kabisa!! Kinatakiwa kilale kidogo kuelekea upande mmoja, senti 1 kwa kila mita, yani kwa mita zetu 9 upande wa juu uwe juu kwa senti 9, macho hayaoni na mchezaji hasikii ila maji yanajua. Mvua za masika zilipoanza, vigae bado viko kwenye maboksi sebuleni, maji yakatuama katikati siku mbili nzima na mbu juu.

Niliumia sana. Tulitindua sura yote ya jamvi ili zege jipya lishike, tukapaka uji wa saruji, tukamwaga tabaka lingine lenye wavu wake, senti 13 upande wa ringi kushuka mpaka 4 upande wa mtaro. Saruji iliyotumika inakaribia ile ya mwanzo, mtu anayesoma hapa naomba asirudie hiyo gharama. Fundi wa pili alifunga uzi kila mita mbili kabla ya kumwaga. Tukamwagilia maji asubuhi na jioni siku 7, tukaliacha litimize 28, afu tukamwaga ndoo za maji kiwanja kizima tukasubiri saa moja tukapita na sarafu ya shilingi 200, dimbwi likiifunika hapo pana bonde. Tulipata sehemu mbili, tukaziba.

Kitu kingine ni joto. Plastiki inatanuka, kwa mita 10 asubuhi na mchana inaweza kutofautiana senti 3 hata zaidi. Usivibane vigae kwenye ukuta wala kwenye nguzo, acha nafasi pande zote, vinginevyo mchana vinanyanyuka katikati kama mkeka uliosukumwa.

Na ringi, mita 3.05 inapimwa kutoka juu ya kigae, sio juu ya zege. Nguzo yetu ilishasimikwa kabla ya tabaka la pili, tukalazimika kupandisha bodi yote. Ni senti 14 hivi, unaona ndogo, ila mtoto akizoea ringi ya chini akienda kwenye mechi mipira yote inagonga mbele ya chuma.

Kelele ipo, vigae vinalia kuliko zege tupu. Kabla hatujaanza nilienda kumpa shikamoo mzee wa nyumba ya nyuma nikamweleza, akasema hana neno ila saa moja na nusu usiku mpira ulale, na mpaka leo unalala. Wajukuu zake wawili sasa wanakuja kila jioni, binti yangu anawafundisha kupiga mpira kwa mkono wa kushoto.

Taa bado hatujafunga. Nikifunga ntaandika urefu wa nguzo na tulizielekeza vipi zisimulike dirishani kwa mzee.