Sebule yangu ya manjano, Njombe

Sebule yetu inatazama kusini. Kwa mtu wa Dar hiyo ni neema, lakini huku Njombe, nyanda za juu zenye baridi, ni mtihani: Juni hadi Agosti jua hulalia kaskazini, na chumba kama hiki hakipati hata mwale. Weka na ukungu wa asubuhi. Kuta zilikuwa nyeupe, na nyeupe isiyopata mwanga hugeuka kijivu. Miaka minne tumekaa humo kama tuko ndani ya wingu.

Mwezi wa tano nikaamua kupaka manjano. Si krimu, manjano hasa.

Galoni ya kwanza niliichagua dukani, kwenye kadi, chini ya taa nyeupe kali. Kufika ukutani ikawa kama limau bichi, na sisi wote tukaonekana wagonjwa. Fundi akaitazama akasema, "Dada, hii ina kijani ndani. Tafuta yenye wekundu kidogo." Akakata vipande vitatu vya katoni, akapaka kila kimoja rangi yake: embe bivu, kiini cha yai la kienyeji, na bizari. (Nafurahi sana kwamba lugha yetu imeitoa rangi hii jikoni, manjano ni kiungo kabla ya kuwa rangi.) Siku tatu nikawa navihamisha: asubuhi kando ya dirisha, saa kumi jioni nyuma ya kochi, usiku chini ya taa. Bizari ilikufa jioni. Embe ilipiga kelele mchana. Kiini cha yai kilibaki kizuri saa zote.

Hata hivyo nikachukua iliyofifia kidogo kuliko ile ya katoni. Kuta nne za manjano hurushiana mwanga, kila moja ikaikoleza nyingine, na rangi uliyoipenda kwenye kipande kidogo inakuja kukuzidi chumbani.

Jambo jingine, manjano haifuniki vizuri. Juu ya ile ya limau tulipiga kwanza praima nyeupe (rangi ya msingi), kisha tukapaka mikono mitatu (matabaka matatu) ya rangi mpya, ambapo rangi nyingine ingetosha miwili. Chumba ni mita 4 kwa 5. Ukitoa dirisha na milango, kuta zina kama mita za mraba 42. Lita moja kwa mkono mmoja huenda kama mita za mraba 10, kwa hiyo tulitumia karibu lita 13 kutoka kwenye ndoo ya 20. Dari tuliiacha nyeupe. Balbu nikabadili zote, nikaweka za 3000K, zenye mwanga wa unjano kidogo, maana ule mwanga mweupe wenye ubuluu unairudisha rangi kwenye limau. Kwenye kochi la kahawia nimeweka mito ya kitenge cha bluu ya nili, basi.

Wapo walionishauri nipake ukuta mmoja tu. Kwa nyumba yenye jua, sawa. Hapa zile kuta tatu zilizobaki zingezidi kuonekana kijivu.

Mama alikuwa hatoki jikoni kwenye jiko la mkaa. Siku hizi anakuja na ungo wake wa njegere, anamenyea sebuleni, kwenye kiti kinachotazama ukuta mrefu. Hajasema lolote kuhusu rangi, ila kile kiti hataki kihamishwe.

Zimebaki lita kama saba. Fundi anataka tumalizie koridoni, lakini kule hakuna dirisha kabisa, na kile kipande cha katoni nilichokiegesha huko tangu Jumapili kinafanana na udongo. Koridoni nitapaka nyeupe na kuongeza taa.