Panya wa Uppsala

Juzi nilipita Keko kufuatilia kitanda ambacho fundi ananiambia "kesho" tangu Ramadhani. Maranda yamerundikana mlangoni, mvua ya usiku imeyalowesha, na harufu ile ikanirudisha moja kwa moja kwenye masanduku ya dahlia, maua ya bustanini.

Za bibi mwenye nyumba wangu wa Uppsala, Uswidi, mpenzi wa kahawa chungu. Alizienzi kuliko wajukuu. Alijidai kuwa hata jina ni la kwao: Anders Dahl, Mswidi, aliyesoma mjini hapo hapo kwa Linnaeus, yule bingwa wa elimu ya mimea. Kwamba asili ya ua lenyewe ni Mexico, hilo alilipitia haraka.

Asubuhi moja ya Oktoba nikachungulia dirishani. Jana yake yalikuwa maua mekundu, mapana kama visosi. Sasa yote yameinama, majani meusi, teketeke kama mchicha uliosahaulika jikoni. Jalidi ya kwanza, ile baridi ya kugandisha umande. Nikatoka, nyasi zinavunjika chini ya viatu, nikashika jani moja. Likabaki mkononi, maji ya baridi yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikaenda kumgongea bibi nimpe pole.

Akacheka. "Sasa ndiyo ziko tayari," akanikabidhi uma wa bustani.

Tukakata mashina, tukabakiza kama sentimita 15, tukachimba. Chini, viazi vimeshikamana shina kwa shina kama mihogo. Tukavikausha, tukavifukia kwenye maranda, masanduku matatu. Vilale chumba cha chini ya nyumba, nyuzi 4 hadi 10, visigande wala visichipue, mpaka Aprili. Mawili niliyashusha siku ile ile. La tatu nikaliacha bandani, nitalishusha kesho.

Nililikumbuka Januari. Limeganda jiwe. Nikalishusha usiku, kimya kimya, nikalichanganya na wenzake.

Aprili bibi akafunua. Uji wa kahawia, na harufu ya kuziba pua.

"Panya," nikasema.

Akaokota kiazi kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba, kikapasuka. Akakitazama, akanitazama.

"Panya wa mwaka huu hawana meno," akasema, akaenda kuchemsha kahawa. Alinimiminia kikombe kama kawaida. Hatukulizungumza tena, na mpaka leo sijui kama nilisamehewa au niliachwa tu.

Fundi akatokea huku anajipangusa mikono. "Kaka, kile kitanda... umeme hatuna tangu jana."

Juu ya kichwa chake taa inawaka.

"Haya fundi," nikamwambia. "Kesho basi."