Pole niliyoituma badala ya kwenda

Mke wa jirani yangu alifariki siku ya Jumanne. Habari niliipata kwenye grupu la wakazi wa jengo letu, asubuhi, nikiwa bado kitandani. Dakika haikuisha nikawa nimeshaandika: "Pole sana jirani, tuko pamoja katika kipindi hiki kigumu," na mwishoni nikaweka ile mikono miwili iliyokutanishwa. Chini ya pole yangu zikafuatana nyingine thelathini na kitu, karibu zote zikifanana na yangu neno kwa neno. Nikaenda kazini moyo umetulia kabisa, nikiamini wajibu wangu nimeutimiza.

Mlango wake unatazamana na wangu. Ni hatua 12. Nilikuja kuzihesabu baadaye.

Alikwenda kuzika kwao, akarudi. Nilijua amerudi kwa sababu usiku nilikuwa naona mwanga chini ya mlango wake, saa saba, saa nane, bado unawaka. Tulikutana kwenye ngazi wiki tatu baada ya msiba. Nikampa pole kwa mdomo, akanishika mkono na hakuuachia. "Asante, jirani," akasema. "Pole yako niliisoma. Nilizisoma zote, tena na tena, maana usiku silali na sina mtu wa kuongea naye." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anashukuru kwa dhati. Afadhali angenilaumu.

Tangu siku ile ni mwaka mmoja na nusu, na haya ni maelezo ya nilivyojaribu kurudi kwa watu.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kosa. Nilijitoa kwenye magrupu yote, nikafuta na programu za mitandao ya kijamii kwenye simu. Niliona tatizo ni simu, basi dawa ni kuiepuka. Muda niliupata kweli, tena mwingi, ila haukunifikisha kwa mtu yeyote. Niliutumia kutazama televisheni. Kabla mwezi haujakwisha nilikuwa nimekosa mkutano wa wakazi, na baba wa mfanyakazi mwenzangu alikuwa amezikwa bila mimi kujua. Taarifa zote mbili zilipita kulekule nilikojitoa. Mwenzangu yule alidhani nimemsusa, na ilinichukua muda kumwelewesha. Nikarudi kwenye magrupu.

Baadaye nilisoma kwamba hali kama yangu imeshapimwa. Mwaka 2018, wachumi wa Marekani, Hunt Allcott na wenzake, waliwalipa watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa bunge la nchi hiyo. Waliofunga walipata wastani wa saa moja kila siku. Sehemu ya saa hiyo waliitumia na ndugu na marafiki, na sehemu nyingine waliitumia kutazama televisheni peke yao. Walijisikia vizuri kidogo kuliko awali, lakini habari za yanayoendelea nchini mwao zilipungua vichwani mwao. Niliposoma hivyo nilielewa kwamba kuzima ni nusu ya kazi. Saa ikishapatikana lazima uipe mahali pa kwenda, la sivyo itajipeleka yenyewe kwenye skrini nyingine.

Kilichonifungua macho zaidi ni utafiti wa zamani kuliko huo. Mwaka 1998, mtafiti Robert Kraut na wenzake walichapisha matokeo ya kuzifuatilia familia za mji wa Pittsburgh, Marekani, katika mwaka wa kwanza na wa pili wa kuwa na intaneti nyumbani, watu 169 kwa jumla. Waliotumia zaidi walikuwa wanaongea kidogo zaidi na watu wa nyumbani mwao, marafiki wao walipungua, na upweke ukaongezeka. Tofauti zilikuwa ndogo, lakini zilionekana. Wengi waliosikia habari hiyo waliishia hapo. Kraut hakuishia hapo. Mwaka 2002 alitoa matokeo ya kuwarudia watu wale, na mengi ya madhara yale yalikuwa yameshafifia. Kwa kundi jingine la watu wapya aliona jambo ambalo mimi nililisoma mara mbili: wachangamfu na wenye watu wa kuwategemea walinufaika na intaneti, na wakimya wasio na watu ndio walioumia. Aliye nacho huongezewa. Basi swali langu likawa tofauti. Nikaacha kujiuliza natumia simu saa ngapi, nikaanza kujiuliza nina watu gani, na simu inanisogeza kwao au inanikalisha.

Nikatafuta daftari. Kila ukurasa niliugawa safu tatu: maandishi, sauti, sura. Kila jioni niliandika majina ya watu niliowasiliana nao siku hiyo, kila mmoja kwenye safu yake. Baada ya siku 14, safu ya maandishi ilikuwa na majina 61. Sauti, 9. Sura, ukiacha watu wa kazini na wa nyumbani, 4, na wawili kati ya hao tulipishana tu kwenye ngazi.

Idadi yenyewe haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kuwaona kwenye safu ya kwanza watu ambao ungeniuliza ningekuambia ni marafiki zangu wa karibu na tunaongea kila siku. Kuongea kwenyewe kulikuwa ni video za kusambaza na "hahaha". Mmoja wao nilimpigia simu jioni ileile. Akapokea kwa haraka, sauti imebadilika: "Kuna nini? Nani amefariki?" Miaka yote ile ya kuchati, sauti yangu kwake ilikuwa imegeuka dalili ya msiba.

Hapo nikajiwekea utaratibu ambao mpaka leo naufuata: kila mawasiliano yapande daraja moja. Mtu ambaye ningemwandikia, nampigia. Ambaye ningempigia, nakwenda. Taarifa ya ugonjwa au msiba siijibu kwa maandishi kabla sijasikia sauti ya mwenyewe, na kama yuko mahali miguu yangu inafika, naenda. Siwezi kupandisha kila mtu daraja kila siku, hilo haliwezekani. Nachagua wawili kwa wiki. Wawili ni wachache, lakini kwa mwaka ni simu na ziara zaidi ya mia moja ambazo zisingekuwepo.

Wa kwanza alikuwa jirani. Nilipogonga mlango wake sikuwa na la kusema, na nataka yeyote anayefikiria kujaribu ajue hivyo. Nilikuwa nimezoea kuandika sentensi, kuifuta, kuiandika upya, ndipo niitume. Mlangoni hakuna kufuta. Tulikaa, redio ikawa inaongea badala yetu. Kisha akaniambia kuhusu miwani ya mkewe. Ilikuwa juu ya friji, imekunjwa, kioo kimoja kina alama ya kidole. Alikuwa hajui aiweke wapi, na hakutaka kuifuta. Jambo kama lile mtu haliandiki kwenye grupu la watu arobaini. Hata mimi binafsi asingeniandikia. Lilitoka kwa sababu nilikuwa nimekaa pale na macho yangu yalikuwa yameifikia.

Sidharau maandishi. Kazini tuna mwenzetu kiziwi ambaye simu janja ndiyo iliyomwingiza kwenye mazungumzo ambayo zamani yalikuwa yanampita akiwa amekaa hapohapo mezani. Dada yangu anaishi nchi nyingine, na sura yake kwenye simu kila Jumapili ni neema. Ukinisikia nikisema intaneti inaua undugu, nikumbushe hao wawili. Kwa mtu aliye mbali, simu inaleta. Kwa aliye hatua 12, inaweza kumpeleka mbali, maana inakupa hisia ya kuwa umeshafika.

Nyumbani mabadiliko yalikuwa ya aina nyingine. Mama yangu ana kawaida ya kusimulia polepole. Jioni moja alikuwa ananieleza jambo la utoto wake, nami naitikia "mm" huku naperuzi. Nikagundua kimya. Alikuwa amekatiza katikati ya sentensi, na alikuwa anakunja nguo kana kwamba hakuwa anaongea. Nikamwambia, "Endelea, mama, nakusikiliza." Akasema, "Basi tu, mwanangu, siyo muhimu." Sijui mpaka leo sentensi ile ilikuwa inaelekea wapi. Nilimuuliza tena siku nyingine, akasema ameshasahau. Tangu hapo, nikiwa naye, simu inakaa ndani ya mkoba, chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani nilijaribu, haikunisaidia, kwani masikio yangu yalibaki kwenye mtetemo wake.

Sasa mambo ya jengo letu, na hapa ndipo nilipojifunza mengi. Umoja wetu wa wakazi ulikuwa umekufa huku grupu lake likiwa na uhai mkubwa. Taa ya ngazi ya ghorofa ya pili iliharibika, na ujumbe kuhusu taa hiyo ulipita 200 kwa siku mbili: malalamiko, kejeli, sauti za dakika tatu tatu, watu wawili wakatukanana na mmoja akajitoa. Taa ikabaki vilevile. Kila aliyeandika alihisi ameshashiriki. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sisi tulikuwa na fimbo arobaini, zote za mbali.

Nilijitolea kuwa katibu. Nilikuwa nimesoma habari za kitongoji kimoja cha Toronto ambacho watafiti Keith Hampton na Barry Wellman walikipa jina la Netville. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya nyumba za pale ziliunganishwa na intaneti ya kasi na nyingine hazikuunganishwa. Waliounganishwa waliwajua majirani zao kwa majina takriban mara tatu ya wale wengine. Walitumia mtandao kuitana kwenye sherehe za mtaa, na walipoona kasoro kwenye ujenzi wa nyumba zao, walijipanga humohumo wakambana mjenzi kwa pamoja. Nilichokiona mimi ni kwamba mtandao wao ulikuwa wa watu wa sehemu moja, na walichoandikiana kiliwatoa nje ya nyumba.

Basi nikapendekeza grupu liwe la kuitana tu: siku, saa, mahali, na nani anashika kazi gani. Mabishano yote tuyapeleke ukumbini chini. Wengine walikasirika, wakasema nawaziba midomo. Nilikwenda kwa kila mmoja wao nikamweleza, na si wote walionielewa. Mkutano wa kwanza tulikuwa watu 7. Wa pili 19. Wa tatu tukashuka tena mpaka 12, na hapo ndipo tumekuwa tukizunguka. Taa ilitengenezwa mkutano wa pili, baada ya maongezi ya dakika kumi. Wale wawili waliotukanana walikaa kiti na kiti, na ana kwa ana hakuna aliyerudia neno hata moja la yale aliyoyaandika.

Wakati nahesabu waliohudhuria ndipo nikagundua kuna kaya tatu ambazo hazikuwahi kuwemo kwenye grupu. Mojawapo ni ya mzee wa ghorofa ya juu, mwenye simu ya kitochi. Kwa miaka mitatu maamuzi yote ya jengo yalikuwa yanampita, na tulikuwa tunasema "wakazi wote wamekubaliana". Hakuna aliyemtoa. Tulihamia mahali ambapo yeye hakuwa na ufunguo, hatukugeuka kumwangalia. Nilipopanda kumwomba radhi alisema, "Mimi nilijua mmeacha mikutano, mwanangu. Nikasema vijana siku hizi wana shughuli nyingi."

Siku hizi kila mkutano ukikaribia napanda kumgongea, namwambia siku na saa, naye anaandika kwenye kalenda ya ukutani kwa penseli. Mwezi uliopita kazi zilinizidi, sikupanda. Jumamosi jioni mlango wangu ukagongwa. Alikuwa yeye, ameshikilia ukuta, anahema baada ya kushuka ngazi zote zile. Akaniuliza kama mkutano bado upo, kwa sababu hajaniona, na kama mimi mwenyewe ni mzima.